Maswali ya Wasomaji: Mkondo wa STEM, Insha za Akili Unde na Vishikwambi Vilivyozima

Barua za mwezi huu zimetoka Mumias, Kisumu, Budalang'i, Njoro, Nakuru na Kakamega. Ukizisoma kwa pamoja utaona zinauliza jambo moja: mambo mapya yameshafika shuleni, sasa Jumatatu asubuhi tufanyeje? Barua tumezifupisha. Majibu yanayohitaji hesabu tumeyaacha marefu.

Baba anataka STEM, mtoto anachora

*Mhariri, kijana wangu yuko Gredi ya 9. Hisabati anapata ME2, Sayansi Jumuishi ME1, Sanaa Bunifu na Michezo EE1. Baba yake hataki kusikia jingine ila STEM, yaani mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati kuanzia Gredi ya 10. Mwalimu wa darasa anasema tumpeleke Sanaa. Mimi niko katikati. – Mama wa Gredi ya 9, Mumias*

Mama, kabla hujaamua ugomvi huo, mwombe mwalimu alama zenyewe, usitosheke na herufi. EE ni kuzidi matarajio, ME ni kuyafikia, AE ni kuyakaribia. ME2 ni kapu kubwa, linaanzia asilimia 41 hadi 57. Mtoto wa 42 na mtoto wa 57 wote huandikiwa ME2, ingawa wa kwanza akiteleza alama mbili tu yuko AE1, na wa pili amebakiza moja aingie ME1. Omba alama za Hisabati tangu Gredi ya 7 na uzipange kwa mfuatano. Aliyetoka 38 akafika 52 si sawa na aliyeshuka kutoka 66 hadi 52, hata kama leo ripoti zao zinafanana.

Jambo la pili ni kwamba alama za kumpangia shule hazitoki kwenye mtihani wa Gredi ya 9 peke yake. KPSEA, tathmini ya taifa ya Gredi ya 6, hubeba asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 hubeba 20, na KJSEA, ndio huo mtihani wa Gredi ya 9, hubeba 60. Tuseme alipata 50 kwenye KPSEA na 70 kwenye tathmini za shuleni. Hapo tayari ana 10 na 14, yaani 24 kati ya 40, kabla hajashika kalamu. Akipata 60 kwenye KJSEA anaongeza 36, na jumla inakuwa 60. Zile 40 za mwanzo zimeshafungwa. Tuisheni ya usiku kucha ya muhula wa tatu inapigania 60 zilizobaki tu.

Sasa tuje kwa baba. Wazazi wengi wakisikia STEM huona Fizikia, Kemia na Biolojia, basi. Mkondo huo una matawi matatu: sayansi halisi, sayansi tumizi na masomo ya ufundi. Kilimo kimo. Kompyuta imo. Umeme, ujenzi, useremala, ufuaji vyuma na hata uvuvi vimo. Kijana anayechora vizuri na anayeweza Sayansi lakini anachechemea Hisabati anaweza kufaa sana upande wa ujenzi, ambako ramani ndiyo lugha ya kazi. Katika sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi 12, atasoma masomo saba: Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hisabati, Huduma kwa Jamii, na matatu ya kuchagua. Angalau mawili kati ya hayo matatu yatoke kwenye mkondo wake. Hapo ndipo baba na mwalimu wanaweza kukutana, bora mchanganyiko wa masomo wanaoutaka uwe kwenye orodha ya Wizara. Michanganyiko haitungwi nyumbani.

Hisabati yenyewe ni mbili. Wa STEM husoma Hisabati kamili, na mikondo mingine inaruhusu Hisabati ya msingi. Kushuka kutoka kamili hadi ya msingi ni rahisi kuliko kupanda. Kama uhandisi bado uko kwenye ndoto za kijana, msimruhusu aache Hisabati kamili kwa sababu ya muhula mmoja mbaya.

Kosa lililowagharimu wengi wa kundi la kwanza, lililoingia Gredi ya 10 Januari 2026, lilikuwa kuchagua jina la shule. Walijaza shule 12, nne kwa kila mchanganyiko waliochagua. Tisa kati ya hizo zilikuwa za bweni na tatu za kutwa karibu na nyumbani. Wengine walijaza tisa kwa makini, zile tatu za kutwa wakazijaza kwa kubahatisha, halafu wakapangiwa huko huko. Shule ya kutwa mtakayoiandika iwe moja ambayo mmeingia getini mwake.

Mkiingia, msiulize wastani wa mtihani wa taifa wa mwaka jana. Ulizeni maabara ina bureti ngapi, ile mirija ya kupimia kimiminika. Chukua darasa la wanafunzi 45 na bureti tisa, watano kwa kila moja. Zoezi la kupima asidi kwa alkali humtaka mwanafunzi arudie mara tatu: moja ya kukadiria, mbili za kulinganisha. Kila mara ni kama dakika tano. Watano mara tatu mara dakika tano ni dakika 75, na kipindi maradufu ni dakika 80. Bado hawajaosha vyombo wala kupima kwa pipeti. Kinachotokea ni kwamba mmoja anamimina, mmoja anaandika, watatu wanatazama, na wale watatu huenda wakafika Gredi ya 12 bila kushika bureti. Kwa mkondo wa Sanaa ulizeni vivyo hivyo: mwalimu wa somo hilo ameajiriwa, au ni wa Kiswahili anayejua kuimba? STEM iko kila mahali. Sanaa na Michezo ndio mkondo haba, na huenda shule ya karibu yenye mkondo huo isiwe karibu.

Karo nayo muiweke mezani. Serikali humlipia mwanafunzi wa kutwa shilingi 22,244 kwa mwaka. Bweni, mzazi hulipa 53,554 kwa shule za daraja la juu na 40,535 kwa nyingine, kabla ya sare, godoro na nauli.

Insha 17, mwanzo mmoja

*Nafundisha Kiswahili Gredi ya 8. Katika insha 52 nilizosahihisha, 17 zinaanza na "Katika ulimwengu wa leo". Najua ni simu za wazazi. Kuna programu ya kuwanasa? – Mwalimu, Kisumu*

Mwalimu, programu zinazodai kunasa maandishi ya akili unde, yaani yaliyotungwa na programu kama ChatGPT, zipo, na tunakushauri usizitumie kumwadhibu mtoto. Hukadiria tu jinsi maneno yanavyotabirika. Mwanafunzi anayeandika kwa uangalifu, sentensi fupi, misamiati ya kitabuni, hutabirika pia, na huyo ndiye huonewa. Kwa Kiswahili hali ni mbaya zaidi kwa sababu mifumo hiyo ilifunzwa kwa Kiingereza kuliko lugha nyingine yoyote.

Tatizo liko kwenye swali. Ukiandika ubaoni "Eleza umuhimu wa soko katika jamii", umeagiza insha ya mashine bila kujua. Utaletewa hivi: *Soko ni kitovu cha shughuli mbalimbali za kiuchumi zinazochangia pakubwa katika maendeleo ya jamii.* Hakuna kosa la sarufi hapo, wala hakuna soko. Badilisha swali: "Nenda Kibuye au soko la mtaani kwenu. Uliza bei ya gorogoro ya mahindi kwa wauzaji watatu. Andika jina la bidhaa iliyokuwa jirani na kila mmoja, na neno moja uliloambiwa ambalo hukulitarajia." Sasa utaletewa: *Mama wa omena alifunika beseni kwa gunia lililoloa, akaniambia nisogee, nimesimama mahali wateja wanapita.* Simu haikuwa pale, haiwezi kulijua gunia hilo. Inaweza kubuni, ndiyo, lakini bei tatu za gorogoro utazikagua kwa kumuuliza mtoto wa muuzaji aliye darasani humo humo.

Halafu gawanya kazi. Rasimu ya kwanza iandikwe darasani, dakika 15, kwa mkono, nawe utie saini pembeni kabla kengele haijalia. Nyumbani wairefushe. Anayetaka kutumia simu aruhusiwe kwa sharti moja: anakili swali alilouliza simu na jibu moja alilolikataa, pamoja na sababu. Ukiwakataza kabisa watatumia na kuficha, nawe hutajua chochote. Mwisho, kila kipindi ita wanafunzi sita, dakika mbili kila mmoja, kitabu kikiwa kimefungwa: "Umeandika 'mfumuko wa bei', nieleze." Kwa vipindi vinne kwa wiki, 52 wako wataisha katika wiki mbili na kidogo. Nusu ya alama ziende kwa rasimu na hayo mazungumzo. Wakijua hivyo, mwanzo wa "ulimwengu wa leo" utapungua wenyewe.

Simu yako nawe itumie. Ielekeze itoe sentensi kumi zenye makosa ya ngeli, uziandike ubaoni, darasa lisahihishe. Kwanza zikague, kwa sababu mifumo hii hukosea upatanisho wa kisarufi kwa kujiamini kabisa, hasa kwenye ngeli ya U-ZI. Kosa la mashine likigunduliwa na mtoto wa miaka 13 darasa huchangamka kuliko kitabu chochote cha marudio.

Tahadhari mbili. Usipakie orodha ya majina na alama za wanafunzi kwenye programu hizo, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto. Na ChatGPT, kwa masharti yake, si ya aliye chini ya miaka 13, wakati darasani mwako huenda wapo.

Manila kila wiki

*Mimi ni wa boda. Kila wiki mtoto ataka manila, gundi, rangi. Hii elimu ni ya matajiri? – Baba, Njoro*

Baba, nenda umwombe mwalimu vigezo vya kusahihishia kazi hiyo, ni ukurasa mmoja. Utaona alama zinatolewa kwa kupima, kukata, kupanga na kueleza. Hakuna alama ya manila mpya. Katoni ya unga iliyopasuliwa ni manila, uji mzito wa unga wa ngano ni gundi, mkaa na majani ya sukuma ni rangi. Mwalimu akisisitiza ya dukani, peleka neno kwenye mkutano wa wazazi, si kwa mtoto. Na usimfanyie kazi hiyo usiku akiwa amelala. Walimu huitambua mikono ya baba mbali sana.

Vishikwambi kabatini

*Tuna vishikwambi 24 vilivyokaa kabatini muda mrefu. Vingi haviwaki. Umeme hukatika, intaneti hatuna. Tuvitupe? – Mwalimu mkuu, Budalang'i*

La, bado. Vilivyoletwa shule za msingi kuanzia 2016 vingi havikuharibiwa na watoto. Viliuawa na kabati. Betri ya lithiamu ikifungiwa ikiwa tupu huendelea kujiishia polepole, na ikishuka chini ya volti 2.5 hivi, saketi ya ulinzi huifunga isichajike. Kifaa kinachowekwa likizo kiwekwe kikiwa na nusu, asilimia 40 hadi 60, kizimwe kabisa, kichajiwe tena kila miezi miwili au mitatu. Ofisi yenye mabati bila dari si mahali pake. Joto huila betri hata ikiwa imezimwa.

Vipange mafungu matatu. La kwanza ni vilivyovimba mgongo au kioo kimeinuka: usivichaji, usivitoboe, visikae darasani. La pili ni vinavyowaka. La tatu ni vilivyonyamaza, hivyo viache kwenye chaja ya volti 5 na ampea 1 kwa saa moja mtu akiwa karibu. Kikipata joto la kuunguza mkono, chomoa. Kisipoonyesha dalili baada ya saa hiyo, kitumie kwa vipuri.

Sasa umeme. Betri ya kishikwambi ya mAh 6,000 kwa volti 3.7 ni kama wati-saa 22. Mara 24 ni 528, na ukiongeza kinachopotea njiani weka 700. Paneli moja ya wati 200, kwa saa tano za jua zuri na upotevu wa robo, hutoa 750 hivi. Kwa hiyo paneli moja inatosha, ila msivichomeke vyote kwa wakati mmoja. Kila kimoja kikivuta wati 10, 12 vinavuta 120, na paneli hiyo kwa kweli hutoa 140 au 150 mchana. Zamu ya kwanza saa tatu hadi saa sita, ya pili saa sita hadi saa tisa. Wakati wa masika kadirieni nusu, yaani zamu moja kwa siku.

Msinunue inveta ya bei rahisi ili kupandisha volti 12 hadi 240 halafu chaja izishushe tena hadi 5, kwani mnalipa hasara mara mbili. Tumieni chaja za USB zinazochukua volti 12 moja kwa moja. Betri ndogo ya kushikilia umeme mawingu yakipita inafaa. Ikiwa ya asidi ya ampea-saa 100, hesabuni nusu yake tu, maana ukiikausha chini ya hapo mara kwa mara haitamaliza miaka miwili.

Intaneti si lazima. Kuna programu ya bure iitwayo Kolibri, iliyoundwa kwa shule zisizo na mtandao. Mtu mmoja huiweka kwenye kompyuta ya zamani, anapakua masomo mara moja akiwa mjini, kisha kompyuta hiyo na ruta ya kawaida hugawa masomo darasani bila bando. Wanafunzi hufungua kwa kivinjari, jambo linalowasaidia wenye vishikwambi vya zamani visivyokubali programu mpya. Ruta ya bei ndogo haitahimili video 24 kwa pamoja. Gawanya wanafunzi 24 watatu kwa kifaa, video nane zitapita. Tena watatu wakishika kimoja hubishana, na mabishano hayo ndiyo somo.

Fundi bila karatasi

*Nimechomelea mageti miaka 11. Zabuni zinataka cheti. Nirudi shule na umri huu? – Fundi, Shabab, Nakuru*

Bwana fundi, si lazima. Kuna Utambuzi wa Ujuzi Uliopatikana Awali, chini ya Mamlaka ya Sifa za Kitaaluma, KNQA, na kuna mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, wenye daraja la III, II na I. Njia zote mbili hupima unachoweza, hazikuulizi ulikaa darasa gani. Anza kukusanya ushahidi leo: picha za kazi zako kabla na baada, zenye tarehe, barua mbili tatu za wateja zenye namba zao za simu, risiti za vyuma, nakala ya kitambulisho. Uliza taasisi ya ufundi iliyo karibu nawe kama ni kituo cha tathmini cha fani yako kabla hujalipa chochote.

Mafundi wa miaka mingi hawaanguki kwa sababu ya mkono. Huanguka kwenye kusoma mchoro wenye vipimo vya milimita, maana wamezoea kupima kwa kamba na inchi, na kwenye usalama: miwani ya jua badala ya kofia ya kuchomelea, ndala miguuni. Jizoeze kwenye sahani ya chuma ya milimita 6 kwa fimbo ya kuchomelea ya E6013. Ya milimita 2.5 huenda kwa ampea 60 hadi 90, ya 3.2 kwa 90 hadi 130. Ukiona mfereji kando ya mshono, umeme ni mwingi au umeinua fimbo mno. Ukiona mashimo, chuma kilikuwa na kutu, rangi au unyevu. Ukipiga tabaka la pili bila kung'oa magamba ya la kwanza, mkaguzi atalikata na kuyaona ndani. Geti lako huenda halijawahi kukatwa hivyo, sahani ya mtihani itakatwa.

Ukitaka kusoma baadaye, ngazi za ufundi zinapanda: ya 4 ni ya fundi stadi, ya 5 cheti, ya 6 diploma.

Anasoma au amekariri?

*Binti yangu wa Gredi ya 3 husoma kitabu chote bila kukosea. Kitabu kingine hawezi. – Nyanya yake, Kakamega*

Nyanya, amekikariri. Wengi hufanya hivyo, hasa wenye masikio mazuri. Chukua kitabu ambacho hajawahi kukiona, simu ya kabambe yenye saa, na umpe dakika moja tu. Hesabu maneno aliyoyasoma sawasawa. Kipimo kilichotumiwa nchini kwa madarasa ya chini ni maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza. Cha Kiswahili ni kidogo kwa kuwa maneno yetu ni marefu: *hawatakuja* ni moja, na Kiingereza huhitaji matatu au manne. Chini ya 17 kwa Kiswahili bado anatafuta herufi.

Akiwa huko, acha vitabu kwanza. Andika silabi kwenye vipande vya katoni, *ba be bi bo bu*, *nda nde ndi*, *ng'a ng'e*, vichanganye mezani, aunde maneno na ayasome. Dakika kumi kwa siku zinatosha. Weka maneno ya nyumbani kwenu pia, ya Kiluhya, kwani herufi ni zile zile na maana anaijua tayari. *Ng'* na *ny* ndizo zitakazomsumbua zaidi, kwa hiyo zitengenezee vipande vingi. Mpime tena baada ya wiki tatu, kitabu kigeni kingine, dakika moja.